Nyekundu kwa Nyekundu

Kwa miezi minane niligombania mume na mwanamke aliyekwisha kuzikwa, na sehemu kubwa ya miezi hiyo yeye ndiye aliyekuwa akinishinda.

Jina lake lilikuwa Vénérande. Alikuwa mke wa kwanza wa mume wangu Nestori, akafariki miaka mitatu kabla sijaletwa hapa Litapunga. Sikuwahi kumwona. Nilichokijua ni sauti yake, maana Nestori alikuwa nayo kwenye flashi: wimbo mmoja wa kwaya ya kanisani kwao, uliorekodiwa na fundi wa studio aliyekuja na maikrofoni tatu, mbili za kwaya na moja ya anayeongoza. Aliyeongoza ni Vénérande. Kwaya inasikika kushoto na kulia, na yeye yuko katikati peke yake kama mwenye nyumba. Sauti nzuri, siwezi kusema uongo. Ningeikuta sokoni ningesimama kuisikiliza. Tatizo ni kwamba niliikuta sebuleni kwangu.

Kabla hamjanihukumu, sikieni nilivyoahidiwa. Mimi ni Mpimbwe wa Usevya, kwetu ni mpunga na kanisa, basi. Ukoo wa Nestori ni wa asili ya Burundi, na wana utaratibu wao wa msiba. Wakizika hawajamaliza. Baada ya muda wanakutana tena, wanakula na kunywa pamoja, wanauondoa msiba rasmi, na jambo hilo wanaliita kuganduka. Tangu siku hiyo mwanamume aliyefiwa anaweza kuoa, na halii tena. Shangazi yake, Épiphanie, ndiye aliyeongoza washenga waliokuja kwetu. Alikaa kwenye mkeka wa baba yangu akasema kwa kinywa chake, "Yule mke tulishamgandukia. Walijaliwa mtoto mmoja, naye hakufikisha mwaka. Nyumba ni safi. Binti yenu haingii kwenye msiba wa mtu." Baba akatoa pole, mazungumzo yakahamia kwenye mahari. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Yale maneno niliyashika kama watu wa mjini wanavyoshika mkataba.

Nilipoingia humu ndani kulikuwa na sabufa ya kawaida, ile yenye taa za bluu zinazochezacheza na maandishi ya wati elfu kumi na mbili kwenye boksi. Kila nyumba ya hapa iliyovuta umeme inayo. Ukiiwasha, besi inatikisa vikombe kabatini na maneno ya wimbo huwezi kujua kama ni ya Mungu au ya tangazo la dawa ya mswaki. Mimi iliniridhisha kabisa. Vénérande alikuwa mle ndani lakini amefunikwa, na mimi mtu akifunikwa sina ugomvi naye.

Nestori haikumridhisha. Mwezi wa pili wa ndoa yetu akampa sabufa kaka yake Méthode, akaenda Mpanda mjini, akarudi na fundi anayeitwa Masalu na ampli kuukuu nyeusi ambayo walikuwa wameibeba watu wawili. Nilidhani ni injini ya mashine ya kusaga. Haikuwa hata na taa, ila kinukta kimoja chekundu.

"Kwa hii ndiyo mmeacha ile nzuri?" nikauliza.

"Shemeji, usidanganywe na namba ya kwenye boksi," Masalu akasema. Alikuwa Msukuma mrefu, mpole, mwenye maneno mengi. "Zile wati ni za kuuzia. Ampli unaichagua kwa kuiinua. Ukiinua ukaona nyepesi, iache hapohapo, ndani hamna transfoma, hamna kitu. Hii ni wati arobaini tu kila upande, lakini ni arobaini kweli."

"Mi sitaki kelele," Nestori akamwambia. "Nataka nisikie vitu vidogo."

Nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Vitu vidogo. Nikajua anachotaka: pumzi zake, midomo yake inavyofunguka kabla ya neno. Roho iliniuma hadi nikamwaga chai kwenye sinia.

Kuanzia siku hiyo sebule yangu iliondoka mikononi mwangu. Seremala alileta maboksi mawili ya spika ya mninga, yamejazwa pamba ndani. Kulikuwa na mngurumo kwenye sauti, kwa hiyo Masalu akachimbia nondo chini ya dirisha langu, akaiunga kwa waya ili umeme wa ziada uende ardhini, akanikataza kuanika nguo hapo. Baadaye wakasema bati na sakafu ya saruji vinarudisha sauti, maneno yanagongana. Dawa yake ni vitu laini na vizito. Basi magunia ya mahindi yakatoka stoo yakasimamishwa kwenye kona zote za sebule, na blanketi nililopewa na mama siku ya kuagwa likapigiliwa misumari ukutani. Majirani walipita wakiuliza mahindi tunauza bei gani. Viti vya wageni vilisukumwa mlangoni. Kiti kimoja tu kilibaki mbele ya zile spika, umbali uliopimwa kwa kamba, na hicho kilikuwa cha Nestori.

Siku ya mwisho Masalu aliniita nyuma ya spika kwa sababu alijua mimi ndiye nitakayefagia.

"Angalia hapa, shemeji. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili. Waya ikichomoka usirudishe ovyo. Ukigeuza upande mmoja, spika moja itakuwa inasukuma wakati mwenzake inavuta. Zinagombana. Wale wa pembeni utawasikia tu, tena vizuri, lakini aliye katikati anakufa."

Alisema anakufa. Nikamshukuru, nikamwongezea chai kikombe cha pili.

Nestori alikuwa na ratiba. Akitoka shamba saa kumi anaoga, anakaa kwenye kile kiti, anabonyeza. Wimbo hakuwa anausikiliza wote. Aliuacha uende mpaka ubeti wa pili unaisha, kwaya inanyamaza, panakuwa na kimya kidogo, kisha Vénérande anaingia peke yake na ubeti wa tatu. Hapo anarudisha nyuma. Kimya, Vénérande. Anarudisha. Kimya, Vénérande. Mara nane, mara kumi, amefumba macho, na mimi niko jikoni naosha masufuria kwa nguvu ili naye anisikie.

"Kama ni wimbo, si uuache uishe?" nilimwambia siku moja.

"Niache, Josefina."

"Huyo mlishamgandukia. Au mlikula ng'ombe wa bure?"

"Usiongelee usiyoyajua."

"Nayajua. Shangazi yako alikaa kwenye mkeka wa baba yangu akayasema yote."

"Basi kauulize huo mkeka," akasema, akarudisha nyuma tena.

Huyo ndiye mume niliyepewa. Hakunipiga, hakulewa, na chakula alikuwa akileta. Lakini nikiongea aliniangalia kama mtu anayesubiri gari lipite ili avuke barabara. Mimi niliolewa nikitaka mume, na mume mwenyewe nilimwona usoni mara moja tu kwa siku, dakika ile anapofumbua macho kutoka kwa Vénérande, na uso ule haukuwa wangu.

Ilikuwa wiki ya kung'oa karanga. Nestori alitoka alfajiri kwenda shamba. Nikafagia sebule, nikafika nyuma ya spika ya kulia, nikasimama pale na ufagio. Halafu nikapiga magoti, nikafungua vile vishikizo viwili vya waya, nikageuza. Nyekundu kwenye nyeusi, nyeusi kwenye nyekundu. Haikuchukua muda wa kuchemsha yai.

Nikawasha kujaribu. Kwaya ilikuwepo, tena imetanuka kuliko zamani, kama waimbaji wamehamia nje ya kuta. Katikati palikuwa patupu. Kilichobaki cha Vénérande kilikuwa chembamba, mtu anayeimba nyuma ya nyumba ya jirani. Nikacheka peke yangu. Mchana ule nilipika mboga kwa mafuta mengi.

Saa kumi Nestori akakaa, akabonyeza, akafumba macho. Akafumbua. Akarudisha, akasogeza kiti mbele, akasogeza nyuma. Akachomoa flashi akaifuta kwa shati.

"Josefina, unasikia vizuri hapa katikati?"

"Nasikia vizuri tu," nikasema kutoka jikoni.

Wiki tatu nilimwangalia akihangaika, na nasema ukweli, wiki ya kwanza nilifurahi. Alidhani flashi imeharibika, akaenda Mpanda kunakili wimbo upya kutoka kwa mwalimu wa kwaya. Hakuna. Masalu alikuwa amekwenda Inyonga kufunga muziki kwenye ukumbi, simu yake haipatikani, kwa hiyo Nestori akaamua mwenyewe kwamba ampli imechoka. Akaipakata kwenye bodaboda mpaka mjini, akabadilishana na muuzaji mwingine, akauza na baiskeli yake kuongezea, akaja na ampli ya wati mia yenye vishikio vingi. Akaifunga upande wake, lakini kule nyuma ya spika hakugusa. Kwaya ikajaa chumba kizima na katikati hakuna mtu. Alikaa pale akizungusha vishikio, besi chini, sauti za juu juu, mpaka mboga ikapoa.

Kisha mtu akamwambia waya zake ni nyembamba. Akaleta mpya, nene, akazifunga mwanzo mpaka mwisho, na alikuwa makini, nyekundu kwa nyekundu. Jioni ile Vénérande alirudi. Nilimsikia kutoka jikoni. Nikachungulia, nikaona Nestori amekaa anacheka. Anacheka kwa meno, mwanaume ambaye sikuwa nimejua kama ana pengo upande wa kushoto. Nikarudi jikoni na hasira yangu. Miezi yote hii namfulia na kumpikia, pengo lake nalijua leo, na amecheka kwa ajili ya marehemu.

Kesho yake alipokwenda shamba nikageuza tena.

Baada ya hapo hakuhangaika tena kama mwanzo. Alikuwa anabonyeza, anasikiliza mara moja, anazima, anakaa. Siku moja alikwenda zahanati kupimwa masikio. Wakamwambia hayana shida. Aliporudi nilimuuliza wamesemaje, akasema, "Wanasema ni mazima," kwa sauti ya mtu aliyeambiwa ni mgonjwa. Nikamwekea ugali, akala matonge mawili akanawa.

Halafu ikaja ile Ijumaa. Nilitoka kusaga unga, nikaingia kwa mlango wa nyuma, hakunisikia. Nestori alikuwa amepiga magoti sakafuni. Ameikumbatia spika ya kushoto kwa mikono miwili, sikio limebandikwa kwenye kitambaa chake, na machozi yanateremka mpaka kwenye mninga. Alikuwa amegundua kitu bila kujua ni kwa nini: ukisikiliza spika moja peke yake, karibu kabisa, hakuna ya pili ya kugombana nayo, na aliye katikati anasikika mzima. Mume wangu alikuwa amempigia magoti.

Nikatua ndoo ya unga chini kwa kishindo.

"Ama huyo mwanamke atoke humu ndani, ama nitoke mimi."

Alifuta uso kwa mkono, hakuinuka. "Mlango unaujua."

Nikampigia simu shangazi yake palepale, mbele yake. Sikumsalimia hata. "Shangazi, mlimdanganya baba yangu," nikasema. "Nyumba yenu ina msiba. Njoo usikie mwenyewe." Nikampigia na kaka yangu Telesphor kule Usevya, nikamwambia aje Jumapili na pikipiki, kwa sababu kikao kikiamua vibaya nitaondoka na masanduku yangu siku hiyohiyo.

Jumapili asubuhi, Nestori akiwa kanisani, nilipiga magoti tena nyuma ya ile spika na kurudisha waya zilivyotakiwa. Nyekundu kwa nyekundu. Sikuwa nimetubu chochote. Nilitaka kikao kimsikie Vénérande kwa ukamilifu wake, amesimama katikati ya nyumba yangu, wasije wakasema mke mdogo anatia chumvi.

Walifika baada ya ibada. Shangazi Épiphanie, mdogo wa umbo, mwenye fimbo asiyoiegemea. Méthode, kaka mkubwa, mtu wa kukubaliana na aliyeongea mwisho. Telesphor wangu akakaa karibu na gunia la mahindi, kofia ya pikipiki mapajani. Nestori alikaa kwenye kiti chake kwa sababu hapakuwa na kingine.

"Sema wewe uliyetuita," shangazi akasema.

Nikasema yote. Ampli ya kwanza, ampli ya pili, baiskeli, blanketi la mama yangu, jinsi anavyorudisha palepale Vénérande anapoanza, jinsi nilivyomkuta magotini. Sikulia. Nilikuwa nimejiandaa, na hasira yangu ilikuwa imenyooka.

"Ni kweli?" shangazi akamuuliza Nestori.

"Ni kweli, masenge." Ndivyo wanavyowaita shangazi zao.

"Ulikaa na sisi tukaganduka. Ulikunywa na sisi. Huwezi kumlilia mke tuliyemwondolea msiba, ni kututukana sisi na ni kumtukana huyu uliyemleta. Kama ndivyo ilivyo, hiyo sauti inatoka humu leo. Iwashe tuisikie."

"Sasa hivi haisikiki vizuri," Nestori akasema.

"Iwashe," nikasema mimi. "Itasikika."

Akabonyeza. Kwaya ikafunguka pande zote mbili, na Vénérande akaja katikati, wazi, karibu, kama anayevuta kiti akae na sisi. Mkono wa Nestori ukasimama hewani. Akaangalia spika hii, akaangalia ile. Akainuka, akainama nyuma ya spika ya kulia, akazigusa waya moja baada ya nyingine. Aliposimama aliniangalia mimi. Nikainua kidevu.

Ubeti wa kwanza ukapita. Ubeti wa pili ukaisha, kwaya ikanyamaza, pakawa na kile kimya.

Ndani ya kile kimya mtoto akakohoa. Kikohozi kidogo cha mara mbili, halafu akatoa sauti ya kufurahi, ile wanayotoa wachanga wakiona kitu kinachong'aa wakitaka kukishika. Kisha Vénérande akaingia na ubeti wa tatu.

Nilikuwa nimeusikia wimbo ule labda mara mia tatu, wote kutoka jikoni, masufuria yakigongana. Kukaa chini nikausikiliza, nilikuwa sijawahi.

Shangazi aliinua fimbo. "Rudisha."

Nestori akarudisha. Kimya. Kikohozi, kikohozi, ile sauti ya furaha.

"Rudisha tena."

Mara ya tatu shangazi alikuwa ameziba mdomo kwa upindo wa kanga. "Alikuwa mgongoni," akasema. "Siku ile aliimba na Elias mgongoni. Mimi ndo nilimfungia. Nikamwambia niachie mtoto, akakataa, akasema akimwacha atalia."

"Elias ni nani?" Telesphor akauliza.

"Mtoto wao," Méthode akasema chini chini. "Alikufa mwezi uliofuata. Homa."

Mimi mdomo wangu una mbio kuliko kichwa. "Si mliganduka," nikasema. "Msiba mliuondoa."

Shangazi hakunikaripia, na ingekuwa afadhali angenikaripia. "Tulimgandukia mama yake," akasema. "Mtoto mchanga kwetu hatumgandukii. Tulimzika asubuhi, mchana watu tukaenda kulima. Tukamwambia Nestori utapata mwingine. Hata picha hakupigwa. Tulisema tutampiga akikaa vizuri."

Nestori alikuwa bado amesimama kando ya spika. "Nani alishika hizi waya?" akauliza, ingawa alijua.

"Mimi," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya karanga."

"Na zile nene?"

"Nazo."

Telesphor akaangalia chini. Nilitaka Nestori apige kelele. Nilikuwa nayajua makelele, ningeyajibu. Aliongea polepole, akiangalia blanketi la mama yangu ukutani.

"Mi nilidhani nimeanza kumsahau," akasema. "Ile sauti ipo, mashine ni nzima, flashi ni nzima, nimebadilisha kila kitu, na mtoto simsikii. Nikasema basi, ni mimi. Nimemsahau mwanangu. Nikaenda nikapimwa masikio wakaniambia mazima. Unajua nilitoka pale nikiwaza nini? Kwamba kama masikio ni mazima, basi ni moyo."

Neno la kusema nilikuwa nalo moja, na lilikuwa fupi, na halikutoka. Likatoka jingine. "Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Ulikuwa unachukia hata pumzi za mama yake."

Akachomoa flashi, akanisogezea kwenye kiganja. "Umewaita watu ili atoke. Chukua, mtoe."

Nikaificha mikono yangu chini ya kanga. Alikaa amenyoosha mkono mpaka shangazi akasema, "Irudishe mahali pake. Sauti inabaki." Akainuka na fimbo yake, kikao kikawa kimekwisha. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyehitaji, maana niliyekuwa nimesema ama yeye ama mimi ni mimi.

Wageni lazima wale. Nikaenda jikoni, nikabandika maji, nikakoleza moto. Nilikuwa na aibu, na chini ya aibu nilikuwa bado nina hasira, kwa sababu hasira haiondoki kwa kuambiwa umekosea. Lakini masikio yangu yote mawili yalikuwa sebuleni. Nilisubiri abonyeze. Nilitaka kumsikia mtoto mara moja tena, na safari hii nilikuwa nimeyaweka masufuria mbali. Nikasikia kiti kikivutwa. Nikajua amekaa. Maji yakachemka, yakaanza kupungua, na kule ndani hakuna kitu.

Méthode akaja mlangoni mwa jikoni, anazungusha funguo kidoleni.

"Shemeji," akasema, "Nestori anauliza kama unaondoka na kaka yako au unabaki."

"Mwambie napika."

"Sawa. Ila anasema..." Akaangalia moto. "Anasema hawezi kubonyeza wewe ukiwa unasikia."

Nikaondoa sufuria jikoni. Nikanawa mikono, nikajifunga kanga vizuri, nikapita nyuma ya nyumba bila kuingia sebuleni. Nilikwenda mpaka barabarani, nikavuka, nikaendelea mpaka kwenye mashamba ya karanga yaliyokwisha kung'olewa, mahali ambapo hata mtu akiita kutoka kwetu husikii. Nikakaa kwenye tuta, ili amsikie.